Kinyozi Asiyeteremka Chomboni

Hapo zamani, wakati wino ulikuwa bado haujafundishwa kusema uongo, palikuwa na kisiwa kiitwacho Fukwani. Kilikuwa kisiwa kidogo, kidogo hata mtu akipiga chafya kaskazini wa kusini humwombea rehema, na jogoo mmoja alitosha kuiamsha nchi nzima. Watu wa Fukwani walikuwa na desturi moja waliyoipenda kuliko chakula, nayo ni hii: juu ya kila mlango walichonga mfano wa chombo kilichowaleta wazee wao. Wako waliochonga jahazi, wako waliochonga mtumbwi, na ulikuwako mlango mmoja wa watu maskini wenye majivuno, umechongwa gogo tupu na mtu kalikumbatia. Siku za arusi kila ukoo husimama ukasifu chombo chake mpaka sauti zikauke. Mlango wa Sultani Badrani ulikuwa na chombo kikubwa kupita vyote, hata kikauzidi mlango wenyewe, ikabidi mkia wake umalizikie ukutani.

Basi katika kisiwa hicho alikuwako mtu jina lake Pandu, ambaye mali yake yote ilikuwa kofia, na kofia yenyewe kaiazima. Kazi hakuwa nayo, wala hakuwa peke yake katika jambo hilo, kwani vijana wa Fukwani walikuwa wamekaa barazani siku nyingi hata baraza zikaota mashimo mahali pa makalio. Pandu alibisha kila mlango akiomba kazi, na kila mlango akaulizwa kama amewahi kuifanya kazi hiyo. Akijibu kuwa hajawahi, huambiwa akaifanye kwanza, kisha ndipo arudi kuiomba.

Mwisho akapokewa na Fundi Chilumba, kinyozi wa Sultani. Fundi huyu hakuwa mwenyeji. Miaka tisa nyuma aliikimbia njaa ya kwao, akaingia kisiwani kupitia mikokoni asubuhi moja ya mvua, hana cheti wala ruhusa, anaelea juu ya mlango wa jiko, na wembe wake kaufunga kichwani usilowe. Akamlisha Pandu kama mwanawe na kumfundisha kwa mwendo wake mwenyewe, nao ulikuwa mwendo wa ajabu: mwaka wa kwanza mwanafunzi hunyoa upande wa kushoto wa kichwa, na wa kulia asiuguse, mwaka wa pili ndio wa kulia. Fundi alikuwa akisema kwamba anayejifunza pande mbili kwa pamoja huishia kukata masikio mawili. Pandu akauhitimu upande wa kushoto kwa sifa njema, hata wateja wakasinzia mikononi mwake. Ulibaki mwaka mmoja tu awe mtu mwenye kazi yake, baada ya kuwa mtu mwenye baraza yake.

Siku ya Jumanne mbiu ikapigwa. Vijana walikuwa wamelalamika kwa Sultani kuwa hawana kazi, naye Sultani akamwuliza Waziri wake, jina lake Mafudhi, mtu mwenye ndevu ndefu na fikira fupi. Waziri akajibu kuwa kazi zimeliwa na wageni walioingia bila cheti. Ikawa amri: wageni wote wakusanywe forodhani, Ijumaa kabla ya sala watiwe chomboni warudishwe walikotoka, na kazi zao wapewe wenyeji.

Wenyeji wakashangilia, na Jumatano wakaenda kuchagua kazi. Hapo ndipo ilipoonekana kuwa kila mtu ametaka kazi ileile, nayo ni usimamizi. Pale kwenye kisima kilichokuwa kikichimbwa na wageni wakafika wasimamizi kumi na wawili, wakasimama kukizunguka, wakakitazama kwa ukali mchana kutwa, na kisima hakikuongezeka kina hata shibiri. Mkate haukuokwa, kwani wasimamizi wa tanuri walikuwa wakisubiri mtu wa kumsimamia.

Alhamisi ilikuwa siku ya Sultani kunyolewa. Pandu akaitwa, akaambiwa kuwa yeye ni mwenyeji na mwanafunzi wa kinyozi, basi kuanzia leo ndiye kinyozi. Akaeleza kwa unyenyekevu kuwa elimu yake ina mpaka, lakini Waziri akamkatiza, akasema kichwa ni kichwa, na mwenyeji atajifunza kazini. Basi Pandu akapiga povu, akanoa wembe, akanyoa upande wa kushoto kwa upole hata Sultani akakoroma. Alipofika katikati ya utosi akaufuta wembe, akaukunja, akaketi chini na kukunja miguu.

Sultani akaamka, akajipapasa. Kushoto yai, kulia kichaka.

"Na upande huu?"

"Huo, Maulana, ni wa mwakani."

"Mwakani?"

"Naam. Wa kushoto ninaujua kama nyumba ya mama yangu. Wa kulia sijaingia bado, na mwenye ufunguo yuko forodhani, kakalia furushi lake, anangoja chombo."

Wakaitwa wasimamizi kumi na wawili kuja kumalizia. Wa kwanza akasema yeye anaweza kushika kioo na kumwonesha mnyoaji mahali pa kunyoa, wa pili akauliza kama kazi hiyo ina kiti, na waliobaki wakasimama nyuma ya Sultani wakautazama upande wa kulia kwa ukali, nao haukunyoleka. Sultani akavaa kilemba, akakishusha hadi kwenye nyusi. Kesho Ijumaa angetoka mbele ya watu wote.

Waziri akanong'ona kuwa huyu mjinga ametenda hila ili mgeni wake arudishwe kazini. Sultani akakasirika, akamwambia Pandu alete kinyozi mwenyeji kabla ya sala ya Ijumaa, na asipomleta atatiwa chomboni pamoja na fundi wake.

Pandu akainama. "Maulana, mimi mjinga, na mjinga huifuata amri kama mbuzi aifuatavyo kamba. Nitaleta. Ila naomba nielezwe mwenyeji ni nani, nisije nikaleta mgeni kwa kukosea."

Waziri akajibu upesi, kwa kuwa swali lilimpendeza. "Mwenyeji ni yule ambaye yeye, na babaye, na babu wa babu yake, hakuna hata mmoja aliyeteremka chomboni. Aliyetokana na udongo wa Fukwani."

"Na awe na vifaa vyake," akasema Sultani, "maana wewe hata kofia si yako."

Karani akayaandika yote, yakapigwa muhuri.

Basi Pandu akazunguka kisiwa, jambo lililomchukua hadi adhuhuri. Kila nyumba aliuliza kama yumo mtu ambaye wazee wake hawakuja na chombo, na kila nyumba alitukanwa. Maana kumwambia mtu wa Fukwani kuwa wazee wake hawakuwa na chombo ni kumwambia kuwa walitupwa ufukweni na wimbi kama mwani. Walimshika mkono wakamtoa nje, wakamwonesha juu ya mlango. Hata mamaye Waziri, Bi Rukuni, ajuza wa miaka themanini, alimwonesha pipa lililochongwa juu ya mlango wao, akasimulia kwa fahari kuwa babu yao mkuu aliingia Fukwani kwa siri ndani ya pipa la samli, bila cheti, na kwamba alinukia vizuri mwaka mzima. Akampa Pandu kipande cha muhogo. Pandu akala, akashukuru, akateremka mikokoni, na alipopanda alikuwa na pakacha lililofunikwa jani la mgomba.

Ijumaa asubuhi uwanja wa Sultani, ulio mbele ya forodha, ukajaa. Upande mmoja wamesimama wageni na mafurushi yao, Fundi Chilumba mbele yao, wembe wake kaufunga tena kichwani kama siku aliyokuja, macho yake yakimtazama Pandu. Nyuma yao chombo kilikuwa tayari, na ndani yake pameachwa nafasi moja zaidi.

"Kinyozi yu wapi?" akauliza Sultani kutoka chini ya kilemba.

"Yumo ndani, Maulana. Ana haya, hajazoea majumba makubwa."

Pandu akaliondoa jani. Akatoka kaa wa mikokoni, mpana kama sahani ya pilau, akainua magando yake mawili na kuyafunga: kacha, kacha. Wasimamizi kumi na wawili wakarudi nyuma hatua kumi na mbili.

"Mimi nimeisoma milango yote ya nchi hii," akasema Pandu, "na yote ina vyombo. Mwenyeji nimempata huyu tu. Kazaliwa hapa, babaye kazaliwa hapa, na babu wa babu yake ndiye aliyewapisha babu zetu walipokuwa wakiteremka. Vifaa haazimi kwa mtu, anacho kimoja kila mkono. Maulana avue kilemba, kazi ianze."

Waziri akapaza sauti kuwa huyu si mtu, ni kaa.

"Neno mtu sikulisikia katika masharti," akasema Pandu. "Karani na asome."

Karani akasoma mara mbili, akageuza karatasi akatazama na nyuma. Mtu hakuwamo.

"Lakini hajui kunyoa," akasema Waziri.

"Mwenyeji atajifunza kazini, Waziri. Maneno ni yako, mimi nayabeba tu."

Waziri kwa hasira akainama alisukume pakacha kwa mkono, na ndevu zake ndefu zikatangulia. Kacha. Akainuka na kaa, akazunguka uwanja na kaa, akapita mbele ya askari wakampa heshima yeye na kaa. Alipopita mara ya pili Pandu akainama mbele ya Sultani, akasema kuwa kinyozi ameanza na wazee wa baraza kwanza, ili mkono upate moto.

Sultani alijizuia kadiri alivyoweza, akauma midomo, akatazama angani, kisha akacheka. Alicheka hata akashika nguzo, alicheka hata machozi yakamtoka, akatupa kichwa nyuma, na kilemba kikaanguka.

Kushoto yai, kulia kichaka, mbele ya raia wote.

Ndipo Fundi Chilumba alipoutua mzigo wake. Alisahau askari, alisahau chombo, akaja moja kwa moja huku akisonya, kama mpishi aliyekuta chungu kimeachwa motoni. "Kazi hii kaiacha nani hapa?" akasema. "Keti, Maulana. Jua linakuunguza upande mmoja."

Na Sultani akaketi. Fundi akaufungua wembe kichwani pake, akaomba maji, akamwita Pandu asogee. "Tazama mkono wangu, mwanangu. Huu ndio wa kulia." Pandu akasogea, akaufuata mkono wa fundi kwa macho.

Sultani alipokuwa ameinama chini ya wembe, macho yake yakaangukia mlango wake. Akakitazama kile chombo kikubwa kilichomalizikia ukutani. "Miaka arobaini naupita mlango ule," akasema taratibu, "na leo ndiyo naisoma habari yake."

Alipokwisha kunyolewa akatoa hukumu. Wageni wabaki, waandikiwe vyeti vyao, ila kila fundi miongoni mwao achukue vijana wawili wa Fukwani awafundishe kazi, kushoto na kulia. Mtu aombaye kazi asiulizwe tena kama amewahi kuifanya, aulizwe kama yuko tayari kuinama. Wasimamizi kumi na wawili wakateremshwa kisimani wakiwa na majembe, na kabla ya alasiri wakapanda kuja kutangaza, kwa mshangao mkubwa, kuwa maji yako chini. Kaa akarudishwa mikokoni kwa ngoma na heshima zote, kwani mwenyeji ni mwenyeji.

Ikabaki habari ya Waziri, aliyekuwa amesimama pembeni, nusu ya ndevu zake, zilizokatwa na kaa, kazishika mkononi.

"Wanafunzi wa kinyozi watahitaji kichwa cha kujifunzia," akasema Sultani, akiupapasa utosi wake. "Waziri, wahenga walisemaje? Mwenzio akinyolewa..."

Waziri akaagiza maji.

Pandu akapiga povu, akanoa wembe, akauliza kwa adabu angependa aanziwe upande upi. Maana wa kushoto alikuwa ameuhitimu, na wa kulia alikuwa ameuona mara moja tu, asubuhi ileile.

Hapo ndipo nami nilipoondoka, kwa kuwa Waziri alikuwa akitafuta mtu wa kukaa mahali pake. Povu lililonirukia begani limekauka zamani. Hekaya ndiyo iliyobaki mbichi.