Maji Ndani ya Nailoni

Kwe-kwe-kwe-kwe, kisha kimya. Ilikuwa usiku wa manane, mvua imekatika punde tu, na katika ua mmoja wa milima ya Rungwe pikipiki ilikuwa inaita bila kuitikiwa.

Mwenye pikipiki aliitwa Ambakisye. Mkewe alikuwa Tusajigwe, na mtoto wao Lusajo, wa miezi tisa. Usiku ule Lusajo alipumua kama mtu anayepanda mlima na mzigo, mbavu zinaingia ndani, midomo imeanza kupoteza rangi, na kituo cha afya kiko ng'ambo ya vilima viwili. Tusajigwe alikuwa amemfunga kifuani kwa kanga. Mkono mmoja ulishika tochi, na wa pili aliuweka mgongoni mwa mtoto azihesabu pumzi, maana aliogopa kwamba akiacha kuzihesabu zitakoma.

Walikuwa wamejaliwa mtoto mwingine kabla ya huyu. Aliitwa Ipyana. Alifariki miaka miwili nyuma, usiku wa mvua kama huu, mama yake akimsubiri baba aje na pikipiki wampeleke. Baba alifika kumekucha, akasema iligoma njiani, imeingia maji. Tangu msiba ule hakuna aliyethubutu tena kuwaita Baba Ipyana na Mama Ipyana. Lusajo alipozaliwa majirani walishusha pumzi, wamepata jina la kuwaitia, na lile la kwanza halikutajwa tena hata ndani ya nyumba.

Na tangu msiba ule, kila masika yalipokaribia, Ambakisye alichukua nailoni akaviringisha pale nyaya zinapokutana chini ya tenki, akakaza kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, mizunguko saba, minane. Wenzake kijiweni walimcheka. "Baba Lusajo, hiyo pikipiki au kichanga? Mpake na mafuta basi!" Yeye hakucheka. Alisema tu, "Hapo hapaguswi."

Sasa taa iliwaka, honi ililia, stata ilizunguka. Betri ilikuwa nzima. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akabonyeza. Hakuna cheche. Akaweka plagi mpya, giza lile lile. Akaipuliza kofia ya plagi, akaifuta kwa shati, kisha akaufuata waya kwa vidole kwenda juu, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo, mpaka vidole vikafika kwenye nailoni. Vikasimama. Vikarudi chini, vikaanza upya.

Mara tatu Tusajigwe aliviona vikifika pale na kurudi.

"Fungua hapo."

"Hapo pakavu, Mama Lusajo. Nilifunga kwa mkono wangu."

Tusajigwe hakuwa fundi. Alikuwa ameishia kidato cha nne na sasa anauza maharage gulioni, basi. Lakini mtoto alikohoa, kikohozi chepesi kisicho na nguvu, na hofu ikayasukuma maneno yakatoka yote kwa mkupuo. "Hata maharage ukiyafunga kwenye nailoni yanatoa jasho, yanaoza, na mvua haijayagusa! Umefunga maji yasiingie, sawa, na yakishaingia yatokee wapi? Fungua, nakwambia fungua, huyu naye anakufa!"

Huyu naye. Ambakisye alichukua kisu, akaukata mpira.

Maji yakamwagika, kiganja kizima. Hayakuwa ya usiku ule peke yake, maana shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, ya masika mengine. Akaikwangua. Tusajigwe akakausha kwa pindo la kanga, waya mmoja mmoja. Plagi ikagusishwa tena kwenye chuma, stata ikabonyezwa, na gizani ikaruka cheche ya buluu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Tusajigwe aliitazama akasahau kuhesabu. Kitu kidogo hivyo! Na injini yote ya chuma, na baba, na mama, na mtoto, na vilima viwili, vyote vilikuwa vimesimama vikikingoja hicho.

Kufika alfajiri, huko kituoni, Lusajo alikuwa amechomwa sindano, amewekewa hewa, na mbavu zake zimetulia. Wazazi walikaa kwenye benchi la barazani. Ambakisye aliitazama kutu ya kijani vidoleni mwake.

"Haikugoma," alisema.

"Iligoma, nimeiona."

"Usiku ule. Wa Ipyana." Jina hilo hakuwa amelitaja tangu msiba. "Ilikuwa mpya, nikaogopa isije ikaingia maji. Nikajikinga kwenye baraza la duka mpaka mvua iishe. Haikugoma, mama. Nilikuwa nimesimama tu."

Tusajigwe alitaka kupiga yowe lisikike ng'ambo ya vilima. Miaka miwili ameilaani mvua, ameilaani pikipiki! Kisha akamtazama yule mtu mzima anayelia machozi kando yake, aliyekuwa akikaza mpira kila mwaka juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa ndani, na akaona kwamba kinachomtoka sasa ndicho kilichokuwa kimekula shaba yake.

Nawe unayesikia haya, vidole vyako hufika wapi vikarudi?

Tusajigwe hakusema amesamehe, kwa kuwa hakujua bado. Alishika pindo la kanga, lile lile lililokausha nyaya, bado lina unyevu, akamfuta uso.

"Sitamwambia mtu mwingine," alisema, "Baba Ipyana."