Kitasa Kipya na Neno la Zamani

Mtu mmoja alikuwa na mama asiyeona na nyumba yenye milango miwili. Jina lake Sikitu, mshonaji wa sare za shule sokoni. Intaneti ilikuwamo nyumbani tangu enzi za uhai wa baba yake. Fundi aliyeifunga alimwonyesha neno la siri lililochapwa chini ya ruta, kile kisanduku cha kurusha intaneti, akamwonya alibadilishe, maana lililotoka kiwandani si siri. Sikitu akasema atalibadilisha kesho. Kesho hiyo ikafika miaka miwili.

Baba alipofariki, watu walifurika. Ndugu wa mbali walitaka kupeleka habari na picha kwa waliokuwa ng'ambo, na kila mmoja alimfuata Sikitu kumwuliza neno. Alikuwa anazika baba, hakuwa na nguvu ya kujibu watu mia. Akaliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, akaibandika ukutani juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Mgeni hanyimwi maji, naye aliona haya kumnyima na hili. Hata mpita njia aliyesikia kilio aliingia, akapewa kahawa, akasoma karatasi.

Arobaini ilipopita, Sikitu alimwita seremala abadilishe vitasa vyote viwili, kwa sababu funguo zilikuwa zimepita mikononi mwa wapishi na wageni waliolala. Ile karatasi aliichana akawashia jiko. Aliamini kwamba neno nalo limeungua. Kisha, kwa kuwa mama sasa alishinda peke yake, akanunua kamera ndogo yenye spika, akaitundika kwenye pembe ya sebule. Akiwa kwenye cherehani aliweza kumwona mama kwenye simu na kumsemesha, naye mama akamjibu huku ameinua uso kwenye ile pembe.

Jioni moja mama alimshukuru kwa kumsemesha mara nyingi mchana. Siku hiyo Sikitu hakumsemesha hata mara moja. Akajiambia ni uzee. Kesho yake mama akamwuliza kama ana mafua, maana sauti yake imekuwa nzito. Sikitu alitaka kumwuliza zaidi, lakini shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare zilikuwa zimerundikana. Aliogopa, akaona aibu kuogopa, akarudi kazini.

Siku ya tatu, adhuhuri, alifungua simu. Mama ameketi mkekani, uso ameuinua, anatikisa kichwa kama anayekubali jambo. Sikitu akaongeza sauti. Akasikia mwanamume, mpole, mwenye adabu, akisema kupitia spika ya kamera, akijiita mgeni wa Sikitu na kumwuliza mama ufunguo wa mlango wa nyuma huwekwa wapi. Mama akanyoosha kidole kuelekea jikoni, kwenye kinu.

Sikitu alitaka kupiga kelele kwenye simu, akajizuia. Akisema, yule naye atasikia, na akisikia ataharakisha. Akaacha mkasi umebana kitambaa, akakimbia na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Njia aliyoizoea kwa dakika kumi ikawa haiishi. Kila hatua aliuona ule mlango wa nyuma ukifunguka taratibu, na mama akigeuza uso kukaribisha.

Alikuta mlango umefungwa. Akainua kinu, ufunguo ulikuwa chini yake. Mama alikuwa palepale mkekani.

"Mwanangu, mgeni wako kaondoka?" mama akauliza. "Maskini, nimemkaribisha maji, hakujibu."

Sikitu akaketi chini, akalia.

Fundi alikuja siku hiyohiyo. Nyumba ilikuwa na vifaa viwili tu, simu na kamera, lakini ruta ilionyesha kumi; vinane vilikuwa vimeingia kwa neno la ile karatasi. Akavifukuza vyote. Akaweka neno jipya, refu, lisilofanana na jina la mtu wala tarehe. Akabadilisha pia neno la kuingilia kwenye ruta yenyewe na lile la kamera, ambalo nalo lilikuwa bado la kiwandani, akaisasisha ruta, kazi iliyokuwa imelala miaka yote hiyo. Alipomaliza aliteremsha sauti, akamwambia intaneti ile haivuki hata nyumba ya nne.

Sikitu alitazama dirishani. Majirani walikuwa wanapita, wakamsalimia mmoja mmoja kama kawaida yao, wakamwuliza hali ya mama. Wote walikula kwenye matanga ya baba yake. Wote walikunywa maji pale chini ya karatasi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakumwambia Sikitu ni kwenye upindo upi. Hata leo, mwanamume akibisha hodi, huisikiliza kwanza sauti yake kabla ya kuitika.

Nanyi mliobadilisha vitasa wageni walipoondoka, lile neno mlilowapa mlilibadilisha lini?