Nyangumi Asiyeitika

Paukwa!

Pakawa!

Mbona kama hamjala? Tena: Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, papa wa ng'ambo walikuwa wakija kula watoto wa nyangumi. Mfalme Kasa akamwita Zawena, nyangumi mwenye nguvu kupita wote.

"Meza kaa hili la moto," akamwambia. "Haliombi kuni, haliombi pumzi. Kwa nguvu zake utakaa chini miaka na miaka, usipande juu kuvuta pumzi. Utawavizia papa, utawapiga. Ila usitoe sauti, na kwenu wasijue."

Zawena akameza. Akazama, chubwi! Huko chini giza, baridi, kimya zii. Akimwona papa, humfuata nyuma, polepole, polepole, kisha kichwa: paa! Papa chali. Hakuna aliyeona. Hakuna aliyemwambia ahsante.

Sasa, nyangumi wana desturi yao. Ukiitwa, unaitika. Ukiitwa misimu mitatu usiitike, unawekewa matanga.

Msimu wa kwanza, mdogo wake Mize akaita kutoka juu, "Dada Zawena eee!" Zawena kimya. Msimu wa pili, "Dada Zawena eee!" Kimya. Msimu wa tatu sauti ya Mize ilikuwa ikikatika. "Dada, itika hata mara moja!"

Zawena akafungua kinywa. Akaona papa saba wametega masikio. Akakifunga. Alilia huko chini, jamani, alilia bila sauti.

Juu wakaweka matanga.

Ikapita miaka thelathini. Moto ukachoka, na Zawena akachoka. Watumishi wa Mfalme Kasa wakautoa, wakaufukia chini ya mwamba, asiuguse mtu. Yeye wakamkokota hadi ghuba ya walinzi wazee, wakamwambia, "Kazi imekwisha, bibi. Sasa sema utakalo."

Alikuwa na neno moja tu. "Mizeee!"

Mize akaja na wajukuu zake. Akasimama mbali. "Nani wewe?"

"Dada yako, Zawena."

"Dada yangu tulimlilia. Kama ulikuwa hai, mbona hukuitika?"

"Nilikuwa nikipigana na papa, wasiwaguse."

Wajukuu wakatazamana. "Bibi, papa ndiye nani?"

"Wa zamani hao," Mize akawajibu. "Walijiondokea wenyewe. Twendeni."

Wakaenda zao wakicheza. Zawena akabaki kuwatazama mpaka hakuwaona tena.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: anayekulinda usimwone, naye ana kwao. Ukimtuma mtu anyamaze kwa ajili yenu, waambie nduguze kabla hawajamlilia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka kulia, na alie.