Shorobo Aliyeazima Sauti

— Masikio yenu yako wapi?
— Haya hapa!
— Na ndimi zenu?
— Tumezifunga!

Basi sikilizeni.

Hapo kale, kando ya msitu wa Usambara, waliishi Shemweta, mkewe Hoza na watoto wao. Mwaka huo njaa ilipiga hodi kila mlango. Shemweta akaingia msituni. Akatembea, akatembea, akatembea. Akakuta mkuyu umezaa hadi matawi yameinama. Juu yake ametua shorobo, mwili kijani, kishungi kichwani, mabawa mekundu kama damu mbichi.

Ndege akakoroma kama mlango mbovu: "Mimi mzuri, ila sauti yangu inaniaibisha. Niazime yako siku tatu, uchume utakavyo."

"Siku tatu tu?"

"Tatu tu."

"Haya, chukua."

Jamani, nanyi mngekataa, watoto wanalia njaa?

Shemweta akafungua kinywa amshukuru. Kimya.

Watoto walikula, wakashiba. Siku ya tatu Shemweta akarudi mkuyuni. Ndege hayupo.

Kesho yake, jua la utosi, Hoza akichambua mboga, akasikia kutoka msituni: "Hoza! Hoza mke wangu! Njoo unitue mzigo!"

Akainuka aende. Akageuka. Shemweta ameketi pale pale kando yake, kinywa amekifumba, machozi yanamtiririka.

Siku iliyofuata sauti ile ikamwita jirani yao, Kiluwa. "Naam!" akaitika, akaenda. Akarudi bubu. Kulipokucha tena, sauti ya Kiluwa ikaanza kuwaita wanawe, mmoja mmoja, kwa majina.

Shemweta akachora ndege mchangani, akaonyesha koo lake. Hoza akasema, "Watoto hapana!"

Akapaka kuyu mbivu ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege. Akaziweka msituni juu ya gogo, akajificha.

"Hoza!" Akanyamaza.

"Hoza, mke wangu!" Akang'ata kanga.

"Hoza, mwanao ameanguka!" Ee, hapo moyo ulimruka! Lakini akanyamaza.

Shorobo akaona hakuna mtu. Akashuka, akadonoa. Mdomo ukanata! Hoza akamdaka shingo.

"Nitakufungua kwa mafuta. Ukinirudishia sauti za watu, utaruka. Usiporudisha, utakufa njaa, chakula kiko mbele yako."

Ndege akatikisa kichwa kukubali. Hoza akampaka mafuta, mdomo ukaachia. Shorobo akakohoa, ikatoka sauti ya Kiluwa. Akakohoa, ikatoka ya Shemweta. Akakohoa tena, ikatoka sauti ya bibi kizee asiyemjua: "Ahsante, mwanangu. Nimekaa humo miaka mingi." Ikapotelea mitini.

Hoza akamwachia ndege, akakimbia nyumbani.

"Hoza, umerudi?" Shemweta akauliza kutoka ndani.

Hakujibu. Aliingia, akamshika koo kwa kiganja. "Sema tena."

"Umerudi, mke wangu?"

Koo likatetema chini ya kiganja chake. Ndipo akalia, akasema, "Nimerudi."

Wakazeeka pamoja. Lakini mpaka anakufa, Hoza hakumwitikia mumewe kabla hajaona midomo yake ikicheza.

Ngano yangu imefika kwake, nami narudi kwangu.