Sekela na Tumpe Wanachagua Chuo

Wapendwa, matokeo ya kidato cha sita yametoka, na tangu Jumatatu sisikii mazungumzo mengine hapa Tukuyu ila ya vyuo. Nani kaomba wapi, nani kapata wapi. Basi kabla sijaingia kwenye neno lenyewe, nitawasimulia habari ya wasichana wawili. Msiwatafute kwenye mabenchi haya, hawapo.

Mmoja aliitwa Sekela, mwenzake Tumpe. Walikutana kidato cha kwanza, shule ya bweni, wakagawiwa kitanda kimoja cha dabo deka, Sekela chini na Tumpe juu. Kuanzia hapo ukimtafuta mmoja unampata na wa pili. Walitumia sabuni moja, waliazimana masweta, hata adhabu walipewa pamoja. Walimu walichoka kuwataja majina, wakawa wanasema tu, "Waiteni wale mapacha."

Sekela alitaka kuwa mkunga. Dada yake alishikwa na uchungu wakati wa mvua kubwa, gari likakwama kwenye tope, na mtoto akazaliwa humo humo garini, mikononi mwa muuguzi aliyekuwa abiria mwenzao. Sekela alikuwepo. Alimwona yule muuguzi akimfuta mtoto kwa kitenge, akimsugua mgongo mpaka akalia. Tangu siku ile, ukimwuliza atakuwa nani, hakuwa na jibu la pili. Tumpe yeye alikuwa na majibu mengi. Muhula huu atakuwa mpima ardhi, muhula ujao mwalimu, kisha mpima ardhi tena.

Walipokaribia kumaliza, wageni walikuja shuleni kutoka chuo kimoja cha jijini. Walionyesha picha za jengo la vioo, maktaba yenye viti vya kuzunguka, na bwawa la kuogelea. Wanafunzi wakapiga makofi. Mnadhani kuna aliyeuliza ni akina nani wanafundisha mle ndani? Kuna aliyeuliza waliomaliza pale wako wapi sasa, wanafanya nini? Waliuliza kama kuna intaneti.

Wakiwa njiani kurudi bwenini, Tumpe akasema, "Pale pazuri, jamani."

"Pazuri kweli," Sekela akajibu.

"Tunaweza kwenda pamoja."

"Kama unataka, twende."

Ni hayo tu. Kwa maneno hayo machache, miaka mitatu ya maisha ya watu wawili ilikwisha kupangwa.

Sekela aliporudi nyumbani alimkuta mama yake anachambua maharage, akamweleza. Mama akauliza, "Hicho chuo kinafundisha ukunga?"

"Hapana, mama. Nitasoma biashara."

"Biashara? Wewe?"

"Tumpe anakwenda huko."

Mama alimpenda Tumpe kama mtoto wake wa kumzaa. Akaona wakiwa wawili hawatapotea. Akaendelea na maharage yake.

Wakaenda. Jengo la vioo lilikuwepo kweli, hakuna aliyewadanganya. Walimu walikuwa wazuri, kwa mtu aliyekuja kutafuta walichokuwa wanafundisha. Sekela alikaa darasani akiandika kila kilichosemwa, na akitoka nje hakuna kilichobaki kichwani. Hakufeli. Alijikokota tu. Siku moja alimsindikiza mgonjwa wa hosteli yao hospitali, akawakuta wanafunzi wa uuguzi, rika lake, wamezunguka kitanda na mwalimu wao anawauliza maswali. Akasimama mlangoni akiwaangalia, mpaka akaambiwa asogee watu wapite. Akaenda kukaa kwenye ngazi, akalia.

Hakumwambia Tumpe. Angemwambiaje? Alijiambia, nikiondoka, mwenzangu atabaki na nani, na huku ndiko alikotaka kuja?

Mwaka wa tatu ulipoanza, Jumamosi moja wanafua nguo nyuma ya hosteli, uvumilivu ukamwishia.

"Tumpe, nina neno. Usinikasirikie."

"Sema."

"Biashara siipendi. Sikuipenda hata siku ya kwanza. Nilikuja kwa sababu wewe ulitaka kuja."

Tumpe akaacha kusugua. "Mimi?"

"Si wewe uliyesema twende pamoja?"

"Sekela, mimi nilikuwa nimeshaamua upimaji ardhi. Baba zangu wadogo hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba la chai, na nilitaka kwetu apatikane mtu mmoja anayejua kupima. Lakini siku ile wale wageni wanaonyesha picha, nilikuona unavyoangalia. Nikajua umechoka na habari za ukunga, ila unaogopa kwenda peke yako. Nikasema, basi nimsindikize."

Mmesikia, wapendwa? Kila mmoja alikuwa anamsindikiza mwenzake, na safari yenyewe haikuwa na mwenyewe.

Sekela aliacha chuo, akaanza upya uuguzi na ukunga katikati ya wasichana wadogo waliomwita dada. Leo anazalisha watu. Tumpe alibaki akamaliza, maana kwao hawakuwa na uwezo wa kumsomesha mara mbili. Ana kazi ofisini, na sitawaambia kwamba maisha yake yaliharibika. Ila ukimwuliza kama anaipenda kazi yake, anacheka kidogo, kisha anakuuliza habari za nyumbani.

Mtasema walikosea kwa sababu hawakupendana? Walipendana sana. Walichokosa ni kuulizana.

Kijana, kabla hujaomba chuo, uliza wanafundisha nini na wanaofundisha ni akina nani. Mtafute aliyesoma pale, akueleze maisha ya pale siku ambazo hakuna wageni. Kisha jiulize: rafiki yangu asingekwenda, mimi ningekwenda?

Na sisi wazazi tusijifiche nyuma ya vijana. Yule mama aliona. Swali la kufuata lilimfika mdomoni, akalimeza, kwa kuwa jibu alilopewa lilimtuliza. Ni mara ngapi sisi tumetulia hivyo?

Hata humu kanisani, ni wangapi tumekuja kumsindikiza mtu? Baba kaja ili mama asinune, mama kaja ili baba asiache kuja. Mungu anapoita, haiti msafara. Anaita mtu mmoja, kwa jina lake, na anangoja yeye mwenyewe aitike.

Kwa hiyo leo, mkishakula, mwenye kijana nyumbani amkalishe amwulize, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Na akishauliza, anyamaze mpaka mtoto amalize kujibu.