Nyumba Iliyozimwa

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Wengi tukiisikia methali hii tunafikiria mgao wa nyama au urithi wa shamba: usipokuwepo siku ya kugawa, fungu lako huliwa. Ni kweli. Lakini yapo mafungu ambayo hayawekwi kwenye sahani, na hayo nayo hugawanywa. Mwanamke mwenzangu unayefunga mizigo kwenda kutafuta, keti kwanza usikie yaliyompata Aurica.

Aurica alikuwa mjane katika kijiji kimoja cha Moldova chenye mijozi, miti ya kokwa ngumu, pande zote mbili za barabara. Mumewe alimwachia nyumba ya vyumba vinne ambayo paa lake halikuwa limekwisha, na binti wa miaka tisa aliyeitwa Sanda. Mvua zikinyesha, mama na mwana walihamisha ndoo kutoka pembe hii hadi ile. Kama wanawake wengi wa huko, Aurica akapiga moyo konde, akaamua kwenda Italia kumtunza mzee wa watu.

"Msimu mmoja tu wa baridi," alisema. "Nikirudi namaliza paa, na bafu linaingia ndani."

Alikuwa mwanamke wa kubana matumizi, na hilo halikuwa kosa. Wiki ya kuondoka alimwita mtu wa gesi, mita ikafungwa kwa lakiri. Akayamwaga maji yote ya mabomba ili barafu isiyapasue. Akachomoa friji, akaipangusa, akauegemeza mlango wake kwa kijiti usijifunge ukaota ukungu. Wifi yake Zina, dada wa marehemu mumewe aliyekaa ng'ambo ya bonde, alimkuta anazunguka chumba hadi chumba na kitambaa mkononi.

"Wifi, unaifunga nyumba au unaosha maiti?"

"Naiokoa na bili. Gesi imepanda, umeme umepanda. Nilipie hewa tupu?"

"Na mtoto?"

"Ndilo nililotaka kukuomba. Akae kwako."

"Kwangu hakuna neno, atakula wanachokula wenzake. Ila sikia. Mama yuko tayari kuhamia hapa akae naye. Kaniambia jana kwa mdomo wake. Anasema nyumba isiyotoa moshi inawasahau wenyewe."

Aurica akacheka. "Mama mkwe na joto! Atawasha gesi mpaka panya wa darini watoke jasho."

"Watakaa chumba kimoja."

"Chumba kimoja kinaita cha pili. Mita haina huruma, wifi."

Zina akainua mabega. "Haya. Nyumba yako, mwana wako."

Sanda alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akauliza, "Mama, naweza kubeba mto wangu?"

"Kwa shangazi kuna mito," Aurica alijibu, akazima swichi kuu.

Huko Italia, katika mji wa Padova, alipata kazi kwa bibi mmoja aliyeitwa Elide, mgonjwa wa miguu asiyeweza kuachwa hata usiku mmoja. Kila asubuhi Aurica alipofungua madirisha ya watu, moyo wake ulifungua yale ya kwake. Alitembea nyumbani kwake kwa mawazo, polepole, kama anayehesabu shanga: ubao unaolia karibu na mlango, msumari wa kutundikia taulo, dirisha la Sanda lenye ufa mdogo kama unywele. Mikono yake ilikuwa Padova ikimkanda bibi wa watu miguu. Roho yake ilikuwa inafagia ua.

Jumapili alipiga simu. Neno la kwanza lilikuwa bili.

"Sifuri tena, wifi," Zina alisema, na Aurica alijisikia kama mtu aliyeokota pesa njiani.

Kisha Sanda akapewa simu. "Mama, naweza kwenda nyumbani kidogo?"

"Kuna nini kule, mwanangu? Kuna baridi tu."

"Nataka kuwasha taa ya chumbani kwangu. Nitawasha halafu nazima."

"Usiguse swichi kuu. Ukiwasha hata moja, wanaandika."

"Sawa, mama."

Krismasi mtoto alimwambia kwamba waimbaji wa nyimbo za Krismasi walipita langoni kwao bila kusimama.

"Kwa nini?"

"Hawaimbii nyumba yenye giza."

Aurica alicheka, akageuza mazungumzo.

Baridi ile moja ikazaa ya pili. Fedha ya paa ilipotimia, akaona heri atafute na ya bafu. Ya bafu ilipotimia, akayakumbuka madirisha. Sanda aliacha kuomba kwenda nyumbani. Alisimulia ya shule, na jinsi "mbuzi wa kwetu" alivyozaa mapacha. Aurica alifurahi kwamba mtoto amekua, ameacha kulialia. Hakujiuliza "kwetu" ni wapi, maana yeye hakuwa na mbuzi.

Jumapili moja alikwenda uwanjani, pale mabasi madogo yanapopakia vifurushi vya kupeleka Moldova. Wanawake wa kwao hukutana hapo, wakala mbegu za alizeti na kutaniana. Aurica akawaonyesha picha ya risiti ya gesi aliyotumiwa na Zina kwenye simu.

"Miaka miwili, sifuri!"

Tamara, mama mmoja mwenye ulimi wa wembe, akaitazama. "Hata makaburini, mwenzangu, siku ya Pasaka ya wafu tunawasha mshumaa. Kwako hata mshumaa hakuna?"

Wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Aurica naye alicheka, lakini alipoondoka pale alikwenda moja kwa moja kumnunulia Sanda koti jekundu. Muuzaji akamuuliza kipimo. Aurica akainua mkono hewani, akaushusha kidogo, akauinua tena. Hakukijua.

Masika ya tatu, wiki ya Pasaka, binti wa bibi Elide alimpa ruhusa. Alisafiri kutwa kucha, macho makavu kwa kutolala. Alipofungua mlango wake, hakukuta mabaya. Mabomba hayakupasuka. Mwizi hakuingia. Friji ilikuwa safi, na kijiti kiko palepale. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi. Ila kuta zilikuwa na baridi ya kisimani, na kalenda ilionyesha mwezi aliouacha.

Ofisi ya gesi ilikuwa imefungwa kwa sikukuu, basi akawasha jiko la matofali kwa kuni. Akasugua sakafu, akatandika kitanda cha Sanda, akasonga ugali wa mahindi ya njano, akaweka mezani na jibini ya kondoo, akampigia Zina simu amtume mtoto. Kila ubao ulipolia alikimbilia dirishani.

Alasiri akasikia hatua uani, kisha sauti.

"Hodi?"

"Karibu," alisema, akidhani ni jirani.

Akaingia Sanda.

Aurica akageuka. Mtoto gani hupiga hodi kwao? Na mama gani humkaribisha? Alimkumbatia, akamnusa nywele zilizosukwa kwa namna asiyoijua. Mikono ya koti jekundu ilimwishia chini kidogo ya kiwiko. Sanda alikuwa ameshika mkate wa Pasaka uliofungwa kwa taulo.

"Shangazi amesema nisije mikono mitupu."

"Vua koti, mwanangu."

"Nitavua nikipata joto, mama."

Akaketi ukingoni mwa kiti. Alikula vizuri, akashukuru, akaosha sahani yake, halafu akasimama nayo katikati ya chumba.

"Niiweke wapi?"

"Hapo, kabatini. Palepale pa siku zote."

Sanda akafungua kabati lisilo la sahani. Baada ya muda akatazama nje. "Mama, naomba niende nyumbani kabla giza halijaingia. Mbuzi hawajafungiwa."

"Nyumbani wapi?"

Mtoto akajiziba mdomo kwa kiganja. Hakuwa na jeuri hata chembe; neno lilimtoka tu, kama pumzi. "Kwa... kwa shangazi."

Aurica alimsindikiza bondeni mpaka upande wa pili. Langoni kwa Zina mbwa hakubweka. Sanda akanyoosha mkono juu ya mlango, akatoa ufunguo bila kuangalia, akapotea ndani. Zina akatoka bandani kwa mbuzi akijifuta mikono.

"Umenichukulia mwanangu, Zina."

"Sikumchukua, wifi. Uliniletea." Sauti yake haikuwa na ukali, na machozi yalimlenga. "Mama alikuwa tayari kukaa naye kulekule kwenu. Ukaogopa mita."

"Atarudi?"

"Utamuuliza mwenyewe. Ila usimuulize leo."

Aurica hakurudi tena Italia. Sikukuu zilipokwisha lakiri ilikatwa, na baridi iliyofuata vyumba vyote vinne vilipata moto, hata visivyo na mtu. Bili zilikuja nono, akalipa bila kunung'unika. Sanda huja Jumamosi na kulala. Jumapili baada ya chakula huanza kutazama upande wa bondeni, na mama yake humfungia chupa ya jamu ya cheri apeleke kwa shangazi. Hamwambii baki. Anaogopa jibu.

Basi wewe unayesafiri, zima gesi, mwaga maji, chomoa friji, si vibaya. Lakini mtoto usimchomoe pamoja na friji. Akipatikana wa kukaa naye kwao, hata kwa chumba kimoja na taa moja, lipa hiyo bili na ushukuru. Aurica aliokoa kila alichoweza kuokoa, na siku aliyorudi alilikuta fungu lake limekwisha gawanywa, tena kwa upendo, bila mtu kumdhulumu. Hakuwa na wa kumshtaki. Asiyekuwepo na lake halipo.