Jiwe la Naeli

"Neno lina mama, usimuulize mpita njia." Mmeisikia asubuhi kwa mama yenu, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianzia redioni, nami nilikuwapo, fundi wa mitambo.

Redio yetu ya wilaya ilikuwa na kipindi cha dakika tano kila asubuhi: neno moja adimu na asili yake, kisha jambo lililotokea siku kama hiyo zamani. Mtangazaji, Bwana Sekiete, aliyatoa yote vitabuni. Siku moja akasema: "Neno la leo ni naeli, jiwe ambalo wakulima wa Kiringa hufungia mdomo wa mfereji. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya msumari. Siku kama ya leo, mwaka 1934, mpimaji wa Kizungu aliukamilisha mfereji huo."

Kabla ya adhuhuri akaingia bibi wa miaka sabini na ushei, jina lake Nangasu. Alikuwa ameshuka mlima kwa miguu, vumbi hadi magotini. Tulimkaribisha kiti, hakukaa.

"Nani kati yenu aliyemwita mama yangu msumari?"

Sekiete akacheka. Nami nilicheka, na mpaka leo najichukia kwa kicheko kile.

"Bibi, imeandikwa," Sekiete akasema, akimwonyesha kitabu.

"Aliyeandika alimuuliza nani?"

"Alikuwa mtafiti. Alipita huko."

"Alipita. Mimi nimezaliwa huko. Mfereji ule ulichimbwa na babu zetu kabla Mzungu yeyote hajaiona Kiringa. Huyo mpimaji alikuja na kamba, akapima, akaondoka. Kisha jumbe akageuza maji yote yaende kwenye kahawa yake, mahindi yetu yakakauka. Wanaume wakabaki kunung'unika kilabuni. Mama yangu, Naeli, ndiye aliyekwenda kukaa pale maji yalipogeuziwa, akayaziba kwa mwili wake. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi yetu mnaijua. Alikaa siku tatu. Mimi ndiye niliyempelekea uji. Jumbe alipokubali maji yaende kwa zamu, mama alitolewa kwa kubebwa, na hakutembea tena. Watu wakaweka jiwe pale alipokaa, wakaliita kwa jina lake. Leo mnaniambia msumari."

Hakuna aliyecheka tena. Sekiete akasema atasoma sahihisho jioni, sentensi moja.

"Uongo uliusema asubuhi, watu wakinywa chai," bibi akajibu. "Tena dakika tano. Mama yangu naye apewe asubuhi, dakika tano. Nitangoja hapa barazani."

Na kweli alingoja. Kesho yake Sekiete akakubali shingo upande, nikamwekea bibi kipaza sauti mimi mwenyewe. Akaeleza yote bila kulia, bila kupandisha sauti. Dakika tano zilipokwisha, Sekiete akaniashiria nizime. Mara ya pili akaniashiria kwa hasira. Sikuzima. Nikamwambia mbele ya bibi kwamba akitaka mitambo izimwe, aje aizime kwa mkono wake. Hakuja.

Basi wilaya nzima ikamsikia Nangasu akimaliza maneno yake: "Enyi mnaosoma vitabuni, mlima uko palepale na sisi tuko hai. Neno lina mama, usimuulize mpita njia."